Uzi: Kronborg, meli iliyozama Ghuba ya Manza mwaka 1915 na shehena yake ikaendelea na vita

Mleta uzi

Wakuu, nawasalimu nyote. Kila mjadala wa Vita Kuu ya Kwanza unapofika kwenye pwani yetu, jina linalotangulia ni la manowari ya Kijerumani Königsberg na kisa chake cha kujificha katika delta ya Rufiji. Leo sitaki kukaa sana hapo. Nataka tuizungumzie meli ya mizigo iliyotumwa kutoka Ujerumani kuja kuipa manowari hiyo makaa ya mawe, ikashindwa kuifikia, ikapigwa mizinga na kuungua katika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, tarehe 14 Aprili 1915. Dai langu, nalitanguliza mapema ili wenye hoja ya kinyume wajipange, ni kwamba meli hiyo baada ya kuzama iliwafaa Wajerumani kuliko Königsberg ilivyowafaa kwa muda wote iliokuwa ikielea.

Tuanze na njaa, maana bila njaa meli hii isingetumwa. Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliwasili Dar es Salaam mwezi Juni 1914 na kuondoka tarehe 31 Julai, siku chache kabla Uingereza haijaingia vitani. Ilikuwa na mizinga 10 ya milimita 105 na mwendo wa kuziacha nyuma manowari kongwe za Kiingereza zilizokuwa zikiinyemelea. Udhaifu wake ulikuwa tumboni. Chombo cha mvuke hakishibi: hata kikitia nanga, ikiwa nahodha anataka kuweza kuondoka kwa haraka, ni lazima matanuri yaendelee kuchochewa, na makaa yaendelee kupungua. Ujerumani haikuwa na kituo cha makaa cha kutegemewa upande wote huu wa Bahari ya Hindi, na Waingereza walikwenda mbali zaidi kwa kuyanunua makaa yaliyokuwapo katika bandari za Msumbiji ili adui asiyapate hata kwa fedha taslimu.

Tarehe 6 Agosti 1914 Königsberg iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester karibu na pwani ya Oman, ikaipeleka kwenye visiwa vya Khuriya Muriya na kuyachota makaa yake, ambayo hayakuwa ya daraja la juu. Baada ya hapo ilimtegemea mama lishe mmoja tu, yaani meli ya Somali ya kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie, iliyokuwa imetoka Dar es Salaam na shehena ya makaa ili ikutane nayo baharini. Ni makaa ya Somali yaliyoiwezesha Königsberg kufika Rufiji, na kutoka Rufiji kwenda Unguja, ambako alfajiri ya tarehe 20 Septemba iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa imetulia ikitengenezwa mitambo. Katika safari hiyo hiyo kipande kikubwa cha injini ya Königsberg kilivunjika, ikarudi Rufiji ikijikongoja, na kipande hicho kikasafirishwa kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam kutengenezwa.

Waingereza waliigundua kwa kufuata makaa. Mwezi Oktoba walipoipekua meli ya Präsident huko Lindi, walikuta karatasi zinazoonyesha kwamba makaa yalikuwa yamepelekwa Rufiji. Tarehe 30 Oktoba manowari Chatham iliipata Königsberg ndani ya mito, na tarehe 7 Novemba mizinga ya Chatham iliichoma Somali. Hapo mama lishe akawa amekufa, na mteja wake amefungiwa ndani.

Nitaendelea na meli yenyewe katika bandiko linalofuata.

Mleta uzi

Ilipoanza vita, meli ya mizigo ya Kiingereza iitwayo Rubens, ya tani 3,587 za ujazo, mali ya kampuni ya Bolton ya London, ilikuwa bandarini Hamburg. Wajerumani wakaizuia. Haikuwa na sifa yoyote ya kuandikwa vitabuni: ilikuwa ni moja ya mamia ya meli zilizobeba nafaka, mbao na makaa kutoka bandari moja kwenda nyingine, na mabaharia wa siku zile wasingegeuka kuitazama mara ya pili. Kwa kazi iliyokuwa ikipangwa, hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa.

Ilibatizwa jina la Kronborg na kupewa bendera ya Denmark, nchi ambayo haikuwa upande wowote. Nahodha aliyeteuliwa alikuwa Carl Christiansen, afisa wa akiba wa jeshi la majini, na mabaharia wake walichaguliwa kutoka Schleswig ya kaskazini, eneo lililokuwa chini ya Ujerumani lakini wakazi wake wengi wakizungumza Kidenmaki nyumbani. Hili la lugha ndilo ninaloliona la werevu kuliko yote. Bendera inaweza kushonwa usiku mmoja na jina likapakwa rangi asubuhi, lakini mtu akishtuliwa gizani na afisa wa ukaguzi, hujibu kwa lugha ya mama yake.

Juu ya sitaha zilipangwa mbao, kama ilivyotarajiwa kwa meli itokayo nchi za kaskazini. Chini, katika ngama, yaani tumbo la meli linalobeba mizigo, kulikuwa na takriban tani 1,600 za makaa ya kuinusuru Königsberg, takriban bunduki 1,800 za kisasa, mamilioni ya risasi, takriban makombora 1,000 ya mizinga ya Königsberg, pamoja na nguo, dawa na vifaa vingine. Mpango ulikuwa kwamba Kronborg ikutane na Königsberg baharini, iijaze makaa, kisha manowari ijaribu kurudi Ujerumani kwa njia ya Atlantiki. Silaha zilizosalia zingeshushwa koloni.

Iliondoka Wilhelmshaven mwezi Februari 1915, ikapanda kaskazini ya Uingereza ambako doria za adui zilikuwa nyingi na hali ya hewa mbaya, ikateremka Atlantiki yote, ikaizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuingia Bahari ya Hindi. Haikutia nanga katika bandari yoyote. Mwanzoni mwa Aprili ilikuwa karibu na kisiwa cha Aldabra, na hapo ikaanza kuitafuta Königsberg kwa simu ya upepo, yaani redio.

Simu hiyo ya upepo ndiyo iliyoiponza. Meli iliyokuwa imekaa kimya kwa maelfu ya maili sasa ililazimika kusema, na Waingereza waliokuwa wakisikiliza waliyanasa mawasiliano hayo na kuyafumbua. Looff, kwa upande wake, aliona kwamba mito ya Rufiji imezibwa na kwamba kutoka kwenda kukutana na meli ya makaa ni kujipeleka machinjioni, hivyo akamwagiza Christiansen aende Ghuba ya Manza. Admirali Herbert King-Hall naye akaja kuisubiri ndani ya manowari yake, Hyacinth.

Mchangiaji kutoka Tanga

Shikamoo mkuu mleta uzi. Naomba niongeze jambo kuhusu mahali penyewe, kwa kuwa nimekulia upande huo na Manza sasa iko katika wilaya ya Mkinga. Mtu anayesoma habari hii akiwa mbali anaweza kudhani ghuba ni bandari. Manza haina gati. Ni maji yaliyozungukwa na mikoko, yenye miamba ya matumbawe na mafungu ya mchanga nje yake, na tofauti ya maji kujaa na kupwa ni kubwa kiasi kwamba mahali ulipopita na ngalawa asubuhi, adhuhuri unaweza kupapita kwa miguu ukiwa umekunja suruali tu. Nahodha mgeni anayeingiza humo meli ya tani elfu tatu na ushei, tena akiwa anafukuzwa, ama ana ramani nzuri sana ama ameshakata tamaa ya kutoka.

Jambo la pili ni majira. Aprili huku ni masika. Kaskazi imekwisha, kusi inaanza kushika, na mvua hunyesha siku nzima bila kupumua. Naomba wasomaji walikumbuke hilo tutakapofika kwenye habari ya kukausha risasi.

Mleta uzi

Marahaba ndugu yangu, na ahsante kwa picha hiyo ya mikoko. Sasa tuingie siku yenyewe.

Asubuhi ya tarehe 14 Aprili Hyacinth iliiona Kronborg ikielekea pwani na kuanza kuifukuza. Kwa mwendo, meli ya mizigo haikuwa na lake mbele ya manowari, hata kongwe kama Hyacinth iliyoteremshwa majini mwaka 1898. Hata hivyo, katikati ya mbio hizo injini ya kulia ya Hyacinth ilikufa, manowari ikabaki inavutwa na injini moja, na Kronborg ikapata muda wa kuingia ghubani mbele ya macho ya admirali. Hyacinth ikaja nyuma na kuanza kupiga mizinga.

Kilichofuata ndicho kiini cha uzi huu. Christiansen aliona kwamba meli haiwezi kuokolewa. Angeweza kupandisha bendera nyeupe na kuikabidhi pamoja na shehena, au kuacha makombora yaipasue mpaka risasi na makombora yaliyomo yalipuke. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliamuru valvu za kuingiza maji ya bahari zifunguliwe ili ngama zijae, na mbao zilizokuwa juu ya sitaha zikawashwa moto. Meli ikakaa chini polepole kwenye maji mafupi, sehemu ya juu ikiwaka kama tanuri la chokaa, sehemu ya chini ikiwa imefunikwa na maji. Yeye na mabaharia wake wakaenda ufukweni, naye akiwa amejeruhiwa.

Mabaharia wa Kiingereza walipofika kwa mashua walikuta moto usiokaribika na meli iliyokwisha kukaa sakafuni, huku wakirushiwa risasi kutoka nchi kavu. Wakarudi walikotoka. Hyacinth ikaongeza makombora, kisha ikaondoka, na kwa Waingereza habari ikawa imekwisha: meli ya adui imeteketezwa na shehena yake yote.

Kwa kweli makombora, moshi na miali viliwapa Waingereza walichotarajia kukiona. Hakuna aliyeshuka ngamani kuhakikisha.

Mchangiaji, fundi mitambo ya meli

Wadau, naomba nizungumze kama mtu ambaye amefanya kazi katika vyumba vya injini kwa miaka mingi. Jambo la kuzamisha meli ili kuokoa mzigo linasikika kama kitendawili, lakini kifundi lina mantiki yake. Moto unahitaji hewa. Ukizijaza ngama maji kabla moto wa juu haujapenya kwenye milango ya ngama, unakuwa umeweka bahari nzima kati ya moto na baruti. Masharti yake ni mawili: kina kiwe kifupi kiasi kwamba meli itakaa wima bila kupinduka wala kupotea, na shehena iwe imefungwa katika makasha yanayoweza kuvumilia maji kwa siku kadhaa. Bunduki ukiichovya baharini utaisafisha na kuipaka mafuta, itaishi. Makaa nayo hayaharibiwi na maji. Chenye hatari ni risasi, kwa sababu chumvi inaingia polepole kwenye kiungo kati ya ganda na kichwa.

Kuhusu injini ya Hyacinth, sishangai. Manowari iliyokuwa baharini miezi mingi bila matengenezo ya maana, ikatakiwa ghafla kutoa mvuke wote ilionao, ndipo huvunja kitu. Hata Königsberg, kama ulivyosema mkuu, iliharibika injini siku ile ile iliyopata ushindi wake mkubwa. Katika simulizi hizi za vita manahodha hupewa sifa zote, ilhali mara nyingi mwamuzi wa mwisho ni kipande cha chuma kilichochoka.

Mchangiaji mwenye shaka

Mkuu, uzi ni mzuri lakini dai lako sikubaliani nalo. Kwanza, hiyo meli ilitumwa na lengo moja kuu, nalo ni kuipa Königsberg makaa. Haikuipa hata gunia moja. Königsberg ikabaki Rufiji hadi mwezi Julai, manowari mbili za mtoni, Severn na Mersey, zikaja na kuimaliza. Kwa hiyo ukipima kwa lengo, Kronborg ilifeli kabisa. Pili, unamsifu Christiansen kwa ujanja, wakati ukweli ni kwamba kama injini ya Hyacinth isingekufa, meli ingekamatwa baharini mbali na pwani, na leo tusingekuwa na uzi. Bahati si mkakati.

Mleta uzi

Hoja zako ni nzito, na ya pili nakubali nusu yake. Bahati ya injini ilimpa Christiansen muda, sina ubishi. Lakini muda huo mtu mwingine angeutumia kujaribu kutoroka, au kukimbia na kuiacha meli kwa adui. Yeye aliutumia kuizamisha meli yake mahali panapofaa na kwa namna inayofaa, na hilo halikuwa tendo la injini.

Kwa hoja ya kwanza, ni kweli kwamba makaa hayakufika. Königsberg ilishambuliwa tarehe 6 Julai, ikahimili. Ikashambuliwa tena tarehe 11 Julai, na safari hiyo Looff akaamuru ilipuliwe. Kwa hesabu ya jeshi la majini la Ujerumani, safari ya Kronborg ilikuwa hasara tupu. Mimi nasema tutoke baharini twende nchi kavu, tuangalie hesabu ya mtu mwingine, yaani Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya koloni.

Mwezi Novemba 1914 Lettow-Vorbeck aliwashinda Waingereza na Wahindi Tanga, akateka bunduki za kisasa za kutosha makampuni matatu, bombomu (bunduki za rashasha) kadhaa na zaidi ya nusu milioni ya risasi. Ilikuwa neema kubwa, ila haikudumu. Tarehe 18 na 19 Januari 1915 alipigana Jasini, karibu na mpaka na karibu na Vanga, akashinda tena. Katika vita hivyo vya siku mbili askari wake walitumia risasi 200,000, na yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba alipokaa kufanya hesabu aliona kuwa angeweza kupigana vita vya namna hiyo mara tatu tu, basi. Hapo ndipo alipoacha kutafuta mapambano makubwa na kugeukia kuvamia reli ya Uganda kwa vikundi vidogo, kwa kutega baruti chini ya mataruma.

Kulikuwa na tatizo jingine. Makampuni mengi ya askari yalikuwa bado yanatumia bunduki ya modeli ya 1871, inayotumia baruti nyeusi. Aliyewahi kuona gobori likifyatuliwa anajua maana yake: baada ya kila risasi linapanda wingu jeupe juu ya kichwa cha mpigaji, na adui aliye kichakani hahitaji tena kukutafuta. Wenzako mia wakipiga kwa pamoja, hata nyinyi wenyewe hamwoni mbele. Bunduki za Kronborg zilikuwa za modeli ya 1898, zisizotoa moshi huo.

Basi tazama kalenda. Januari kamanda anahesabu kwamba amebakiwa na vita vitatu. Aprili inazama karibu na Tanga meli yenye mamilioni ya risasi na bunduki zaidi ya elfu moja na nusu, kwenye maji ambayo mzamiaji anaweza kuyafikia, na adui anaondoka akiamini kwamba vyote vimeteketea. Ukinipa nafasi ya kuchagua kati ya kuipoteza meli hiyo na kuiona Königsberg ikitoka na makaa yake, kama ningekuwa Lettow-Vorbeck nisingefikiri mara mbili.

Mchangiaji kutoka Tanga

Naona tumefika nilikotaka. Mkuu, hizo risasi zilitolewaje, na zilikaushwaje katika mvua za masika?

Mleta uzi

Kazi ya kuopoa ilianza Waingereza walipokwisha kuondoka. Wazamiaji walishuka katika ngama zilizojaa maji, makasha yakatolewa moja moja na kupelekwa ufukweni. Bunduki zilikuwa rahisi, kama fundi wetu alivyosema. Risasi ndizo zilizokuwa mtihani, maana nyingi zilikuwa zimeingiwa na maji ya chumvi, na risasi ya namna hiyo ukiiweka kwenye bunduki huwezi kujua kama itatoka, itachelewa au itakaa kimya.

Ikabidi zifumuliwe. Hebu tulitazame hili kwa karibu. Unashika risasi moja, unaking'oa kichwa chake kutoka kwenye ganda, unamimina baruti na kuikausha au kuibadilisha, unalisafisha ganda lisibaki na chumvi wala kutu ya kijani, unaiangalia fataki iliyoko kitakoni na kuibadilisha ikiwa imekufa, unarudisha baruti kwa kipimo, unakirudisha kichwa na kukibana. Hiyo ni moja. Kisha unachukua ya pili, na pembeni yako yapo makasha ambayo huwezi kuona mwisho wake. Kazi hii ilichukua miezi, ikifanywa kwa mikono, tena katika hali ya hewa ambayo shati lililoanikwa asubuhi huanuliwa jioni likiwa bado na unyevu. Na bado nyingine zilibaki mbovu, na askari walikuja kuzifahamu vizuri vitani, pale kifyatulio kinapolia “ta” na kusifuatwe na kitu.

Mabaharia wa Kronborg nao hawakuwa na meli tena. Wengi wao waliingizwa katika jeshi la nchi kavu, baadhi katika kazi hizi hizi za silaha, wakatembea na Lettow-Vorbeck mbali sana na bahari waliyoijia.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Assalaam alaykum wandugu. Nimesoma kwa utulivu tangu mwanzo. Kuna kundi ambalo halijatajwa bado, nalo ni wale walioyabeba hayo makasha. Risasi haikutoka Manza kwa miguu yake. Kasha moja la risasi ni mzigo wa mtu mmoja kichwani, na njia ya kutoka ufukweni mwezi wa Aprili ni tope linaloshika mguu hadi gotini. Majina ya Christiansen, Looff na King-Hall tunayo. Majina ya wapagazi hatuna, na wengi wao hawakuulizwa kama wanataka kwenda. Upande wa Waingereza ndivyo ilivyokuwa pia, na jina la Kariakoo tunalolitamka kila siku pale Dar es Salaam ni masalio ya jeshi lao la wabebaji mizigo.

Niongeze moja la kwetu. Mzinga mmoja wa Königsberg upo hapa Fort Jesus, jirani na mzinga wa ile Pegasus iliyozamishwa Unguja. Watoto wa shule huupanda kupigiwa picha.

Mleta uzi

Waalaykum salaam kaka, umenisahihisha na nakubali. Katika eneo hilo reli ya Usambara ilikuwapo, kutoka Tanga hadi Moshi, na ilisaidia sana kusogeza vitu hadi bara. Lakini kati ya ufukwe wa Manza na reli, na kati ya reli na vikosi, hakukuwa na chombo kingine zaidi ya kichwa na mabega ya binadamu.

Ule mzinga wa Fort Jesus nao unaingia katika habari hii. Baada ya Königsberg kulipuliwa tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote 10 kutoka Rufiji, ikakokotwa kwa kamba na mamia ya watu hadi Dar es Salaam, na karakana zikaiundia magurudumu ili ipigane nchi kavu. Makombora ya kipimo cha mizinga hiyo yalikuwa ni miongoni mwa vitu vilivyoletwa na Kronborg. Kwa hiyo mwenzetu aliyesema meli haikuipa Königsberg kitu hakukosea kuhusu makaa, ila aitazame pia hesabu ya mizinga.

Mchangiaji mwenye shaka

Mkuu, kwa nchi kavu umenishawishi. Kwa bahari nabaki na msimamo wangu. Naomba swali la mwisho: Wajerumani walijaribu tena?

Mleta uzi

Walijaribu, na inaonekana walikuwa wamesoma kosa. Mwezi Machi 1916 meli nyingine, Marie, iliingia Ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa na mizinga minne ya milimita 105 ya kupiga juu, mizinga midogo miwili ya milimani, risasi, na dawa. Hapakuwa na manowari ya kusubiriwa wala makaa ya kumpelekea mtu. Shehena yote ilikuwa ya jeshi la nchi kavu. Na huko huko Ujerumani, kabla haijapakiwa, ilikuwa imekwisha kugawanywa na kufungwa katika vifurushi vya kiasi cha mzigo wa mpagazi mmoja, ili ikishuka ufukweni ipande vichwani moja kwa moja na kuingia msituni. Waingereza walipoigundua waliipiga mizinga, na Hyacinth ilikuwapo tena. Marie ikatobolewa, ikazibwa matundu, ikatoka usiku na kukata Bahari ya Hindi hadi Batavia.